Homa Haiulizwi Dini

Katika nchi ya Wamwera, upande wa Nachingwea na Ruangwa, pana hospitali ya misheni mahali paitwapo Mnero. Ni hospitali ya Kanisa Katoliki, jimbo la Lindi. Jimbo ambalo lilipoundwa mwaka 1963 liliitwa la Nachingwea, na jina likabadilishwa mwaka 1986. Vijiji vya nchi ile vina misikiti na vina makanisa, na si ajabu ukoo mmoja kuwa na Hamisi na kuwa na Yosefu, wote wajukuu wa bibi mmoja. Mtoto akipandwa na homa usiku, baba yake humbeba mpaka hospitali, na hatazamii kwamba muuguzi, kabla ya kumtoboa mtoto kidole na kuitazama damu, atamtaka baba atoe shahada au asali Baba Yetu. Vimelea vya malaria havina madhehebu, na dawa yake haina kibla.

Nchi ile haikufika hapo kwa wepesi. Mwezi wa Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipowaka, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa katika nchi ya Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikashambuliwa. Kisha jeshi la Wajerumani likachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Sababu za kufungiana milango zilikuwepo, tena nzito. Hata hivyo, kizazi baada ya kizazi, watu wamejifunza kwamba kitanda cha mgonjwa si uwanja wa kugombea roho. Hilo ni jambo kubwa, na linastahili kusifiwa kabla ya lawama yoyote kutolewa.

Lawama yenyewe ndiyo hii: kwa nini uungwana huo ukomee kwenye homa? Kwa nini mtu huyo huyo, akiugua kwa namna ambayo haionekani katika damu, akakosa usingizi wiki tatu, akachukia chakula, akaona maisha ni mzigo wa kuni mbichi, apelekwe kwa wafariji ambao jambo la kwanza wanalolipima ni imani yake?

Siku hizi vikundi vya faraja vimekuwa vingi, bara na visiwani. Vingine hukutana uani mwa msikiti, vingine katika jumuiya ndogo ndogo za parokia, vingine katika kumbi za maombezi, na vingine havina ukumbi ila simu za mkononi. Aghalabu huanzishwa kwa nia njema na mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuzama akaokolewa. Nia njema lakini si leseni. Vingi kati ya vikundi hivyo vina kanuni isiyoandikwa, ambayo mgeni huijua siku anapoivunja: yapo maneno yanayoruhusiwa kusemwa na mwenye dhiki, na yapo yasiyoruhusiwa; na mwenye kupanga hayo si tabibu wala si mwenye dhiki, ni mlinzi wa itikadi.

Mfikirie mwanamke aliyejifungua, ambaye siku ya arubaini imepita na furaha waliyomwahidi haikuja. Mtoto akilia, yeye hulia pamoja naye. Jirani anampeleka kwenye kikundi. Wiki ya kwanza anasema kwamba akisali anajiona anazungumza na ukuta. Kiongozi anamkata kauli: asikufuru, ashikamane na uradi. Wiki ya pili anasema zahanati imemwandikia vidonge. Anaambiwa kwamba vidonge ni vya wenye imani haba, na kwamba yaliyomkuta ni jicho, au jini, au madhabahu za mababu, kulingana na kikundi alichoangukia. Wiki ya tatu anathubutu kusema kwamba usiku mmoja alitamani asipambazukiwe. Hapo wote wanaguna, kiongozi anakemea, dua inasomwa kwa sauti ya kufunika neno lake, na anaonywa asilirudie tena mbele za watu. Wiki ya nne anatabasamu, anasema anamshukuru Mungu, hajambo. Kikundi kinahesabu kwamba amepona. Kilichotokea ni kwamba amejifunza kusema uongo, tena amejifunzia mahali alipokwenda kutafuta ukweli. Na akiwa ameolewa kutoka dini nyingine, au ni Muislamu katikati ya Wakristo au Mkristo katikati ya Waislamu, hata hizo wiki nne hakuzipata. Aliambiwa kwanza ahame alipo, ndipo ashikwe mkono.

Hii ndiyo maana halisi ya udhibiti. Watu wamezoea kulisikia neno hilo wakifikiria serikali, gazeti lililofungwa, kitabu kilichoondolewa rafuni. Lakini upo udhibiti usio na askari wala muhuri, ambao hukaa mkekani pamoja na watu na kujiita huruma.

Ajabu kubwa ni kwamba vitabu vinavyoshikwa mkononi na walinzi hao havikudhibitiwa hivyo. Nabii Ayubu katika Biblia aliilaani siku aliyozaliwa, na sura nzima ikaachwa ibebe laana hiyo, wala hakuna mwandishi aliyeifuta. Eliya alikaa chini ya mti jangwani akamwomba Mungu amtwae; na jibu la mbinguni kwanza halikuwa karipio, lilikuwa mkate, maji na usingizi. Zaburi ya 88 inamalizika gizani. Katika Qur'ani, Bibi Maryamu alipobanwa na uchungu penye shina la mtende alitamani angekwisha kufa kabla ya hayo, akawa kitu kilichosahauliwa. Naye sauti iliyomjia ilimwambia asihuzunike, ikamwonyesha kijito na tende mbivu. Nabii Yaakub alilia juu ya Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na alipolaumiwa alijibu kwamba anamshitakia Mungu peke yake. Kama Bibi Maryamu angeingia leo katika baadhi ya vikundi hivi na kuyatamka yale yaliyomtoka chini ya mtende, angenyamazishwa. Kama Ayubu angeingia, angeombewa kwa nguvu hadi aache kusema. Washairi wa pwani walilijua hilo mapema, ndiyo maana Utenzi wa Ayubu ulitungwa, ukanakiliwa na kusomwa vizazi na vizazi: wasikilizaji walitaka kukaa na mtu mwenye vidonda mpaka mwisho, bila ya kumharakisha.

Msomaji anaweza kusema kwamba maneno ya kukata tamaa huambukiza, na kwamba kiongozi ana wajibu wa kuwalinda walio dhaifu. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani, ambalo hukadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua duniani kila mwaka, huvishauri vyombo vya habari visieleze namna mtu alivyojiua wala visikipambe kifo hicho, kwani kuiga kupo. Kikundi kikiwakataza watu wake kusimulia njia na vifaa, kinafanya busara. Lakini shirika hilo hilo hufundisha pia kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Aghalabu humpunguzia hofu, kwa sababu amepata wa kumweleza. Basi yapo mambo mawili, na walinzi wa itikadi huyachanganya. Kuficha njia ya kifo ni kulinda watu. Kuficha maumivu ni kulinda sifa ya kikundi, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Hoja ya pili ni kwamba dini huponya. Nani anayekana? Wapo walioshikwa na tasbihi wasianguke, na wapo walioshikwa na rozari. Sauti ya Yasini usiku wa msiba, au wimbo wa kwaya alfajiri, hufika mahali ambapo kidonge hakifiki. Dini haishitakiwi hapa. Wanaoshitakiwa ni wale wanaoifanya nyembamba kuliko ilivyo, kisha wakauita wembamba huo uchamungu.

Ushahidi umo ndani ya dini zenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na akabagua baina ya huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayomjia mtu pasipo sababu anayoijua. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alifungua hospitali yake mjini Cairo, na humo wagonjwa wa akili walikuwa na wodi zao pamoja na wagonjwa wengine. Na hakuna aliyedhani kuwa tabibu amechukua nafasi ya imamu. Hadithi mashuhuri inafundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao ni aliyepotewa na akili hadi azindukane. Kwa upande wa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya mwaka 1983 haikuliweka tena katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 ikakiri kwamba misukosuko mikubwa ya nafsi hupunguza dhima ya mtu, na kwamba Kanisa huwaombea. Wanazuoni na maaskofu wamepanua mlango. Mwenyekiti wa kikundi amekaa kizingitini akiuziba kwa kiti chake.

Kabla ya vikundi hivi, pwani na bara, palikuwepo ngoma za pepo, na hapo napo pana funzo, hata kwa asiyesadiki pepo. Katika ngoma, pepo akishapanda, fundi hamkemei. Humkaribisha, humuuliza jina, humuuliza alikotoka na anachotaka, na humsikiliza akidai kilemba, uvumba au marashi. Mwanamke ambaye nyumbani hakuthubutu kumwambia mumewe kwamba amechoka, hapo alisema kwa ulimi wa pepo, na ukoo mzima ukaketi kumsikiliza. Wahubiri wa misikitini na wa makanisani wamezishutumu ngoma hizo kwa shirki na kwa upagani, na wana haki ya kuihukumu imani yake. Lakini badala ya usikilizaji ule wameleta nini? Wameleta amri ya kunyamaza na kutoka. Wala ngoma nayo isipakwe asali: gharama zake zimefilisi nyumba nyingi, na hata ndani yake mgonjwa hakuruhusiwa kusema kwa jina lake mwenyewe, ilimbidi aazime jina la pepo. Kinachotafutwa leo ni kikao ambamo mtu asema kama yeye, asikilizwe kama pepo alivyosikilizwa.

Sheria ya nchi nayo imeongeza kufuli. Kanuni ya Adhabu iliyotungwa Tanganyika wakati wa Mwingereza, mwaka 1945, ilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kifungu hicho, cha 217, kikarithiwa baada ya uhuru. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojitawala. Wakaondoka, wakaacha nyuma katazo ambalo kwao walikwisha kulitupa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, chenye maana hiyo hiyo, kinakwenda kinyume na Katiba. Anayeishi chini ya sheria ya namna hiyo huziona dhiki zake kama ushahidi dhidi yake. Na kikundi kinachomwambia kwamba dhiki hizo ni dhambi kinamalizia kazi ambayo polisi hawakuifikia. Kati ya kosa na dhambi, ugonjwa hukosa mahali pa kutajwa.

Wala washairi na waandishi wasijitoe katika lawama hii. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyepitia seminari, alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Jina ni la Bikira Maria, nayo ni habari ya msichana anayekandamizwa na ukali wa baba, akapotea, akatumiwa na wanaume, na mwisho akajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni. Wakubwa walishtushwa na mambo ya mwili yaliyomo. Ni wachache walioshtushwa na kifo chake. Miaka ilipita, riwaya hiyo hiyo ikaja kusomeshwa madarasani, na mwaka 2025 ikatoka kwa Kiingereza. Mtu anaweza kuuliza ni wasichana wangapi, katika miaka ya marufuku, walihitaji kujua kwamba si wao peke yao. Hesabu yake haipo, na haiwezi kupatikana, kwani hivyo ndivyo udhibiti unavyofanya kazi: huondoa kitabu, na pamoja nacho huondoa ushahidi wa aliyekihitaji.

Kwa upande wa pili wa mizani yupo Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa waraka wa kuihoji serikali ya Kenya, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine kayaandika juu ya karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Serikali ilimtenga na watu ili sauti ife. Shairi likawa ndilo baraza lake. Wapenzi wa ushairi humsifu kwa ushujaa huo, na ni haki yao. Lakini wengi wao, wakiletewa shairi la kijana asiye na gereza wala chama, anayesema tu kwamba hana hamu ya kuamka, hulirudisha wakimtaka aongeze ubeti wa mwisho wenye nasaha na shukrani. Vina vyake viko sawa, mizani imetimia. Kasoro yake ni kwamba halikupona. Mhariri wa namna hiyo hana tofauti na kiongozi wa kikundi aliyesoma dua kwa sauti ya kufunika neno la mwanamke. Dhiki iliyopigwa na serikali huitwa sauti. Dhiki iliyotoka ndani huitwa utovu wa imani. Ubaguzi huo haufai kuendelea katika kurasa za mashairi, seuze katika vikao vya wagonjwa.

Ni nini basi kinachodaiwa? Si kufungwa kwa vikundi vya dini. Mahali ambapo hospitali ya akili iko mbali, kama Mirembe ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927 ilivyo mbali na Nachingwea, jirani wa msikitini na wa kanisani ndio msaada wa kwanza, na mara nyingi ndio wa pekee. Kinachodaiwa ni adabu chache. Anayebisha hodi asiulizwe dini kabla hajaulizwa kimsibu nini. Mwenye kusema aachwe amalize, hata kama neno lake linaudhi masikio ya wachamungu. Dua isubiri zamu yake, na isomwe kwa idhini ya anayeombewa. Mtu asiambiwe aache dawa aliyopewa na tabibu. Kiongozi asiyesomea tiba hana mamlaka ya kuvunja tiba. Yaliyosemwa mkekani yabakie mkekani, yasigeuzwe ushuhuda wa jukwaani. Na anayetaja kifo asifukuzwe wala asikemewe: akaliwe karibu, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali usiku huo huo, kama angepelekwa aliyeumwa na nyoka.

Hayo si mageni. Watu wa Mnero na wa vijiji mfano wake huyafanya tayari kila mtoto anapopandwa na homa. Hawamwambii mtoto kwamba akitetemeka anamkufuru Mungu. Hawamkatazi kusema kichwa kinamuuma kwa kuogopa wenzake wataumwa. Wanambeba tu, na wakifika, wanamwacha aseme mwenyewe panapouma.